Watani wa Kariakoo

Mabawe ni mbali sana na Dar es Salaam. Mtu akitoka huko Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, akaenda mpaka baharini, atasafiri zaidi ya kilometa 1,000. Walakini siku timu za Simba na Yanga zinapokutana, watu wa Mabawe huacha majembe mapema, wakakusanyika penye redio au televisheni. Ndugu wawili waliokula chungu kimoja asubuhi hukaa mbalimbali jioni: mmoja upande wa nyekundu na nyeupe, mwenzake upande wa kijani na manjano. Basi yafaa kujua ushindani huu ulitoka wapi, na kwa nini umedumu miaka mingi hivi.

Kariakoo ni mahali katika mji wa Dar es Salaam. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza ya dunia, wapagazi wa jeshi la Waingereza walikaa hapo, na jina la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Hapo ndipo penye nyumba za timu zote mbili. Nyumba ya Yanga iko Jangwani, na nyumba ya Simba iko katika barabara ya Msimbazi. Mtu huweza kwenda kwa miguu kutoka nyumba moja mpaka nyingine, wala asichoke.

Yanga ilianzishwa mwaka wa 1935. Jina lake kamili ni Young Africans, maana yake Waafrika Vijana, lakini watu walilifupisha vinywani mwao likawa Yanga. Mwaka wa 1936 baadhi ya vijana walijitenga na wenzao, wakaanzisha timu yao wenyewe. Basi timu hizi si wageni waliokutana njiani; ni watoto wa nyumba moja waliogawana. Timu hiyo ya pili iliitwa Eagles, yaani Tai, kisha ikaitwa Sunderland. Mwaka wa 1971 ikaacha jina hilo la kigeni, ikaitwa Simba.

Sunderland yenyewe ni mji wa bandari kaskazini-mashariki ya Uingereza, na timu yake huvaa mistari ya nyekundu na nyeupe. Mji huo nao una jirani yake, Newcastle, mwendo wa kilometa 20 hivi. Miji hii ilishindana kabla ya mpira kujulikana. Wafalme waliwapa watu wa Newcastle haki kubwa katika biashara ya makaa ya mawe, nao watu wa Sunderland wakaona uchungu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea katika karne ya 17, Newcastle ilikuwa upande wa Mfalme, na Sunderland upande wa Bunge. Hata mpira ulipokuja, ugomvi ule wa zamani ukaingia uwanjani. Mwaka wa 1901, Ijumaa Kuu, watu walijaa katika uwanja wa Newcastle kupita nafasi iliyokuwapo. Mchezo haukuwezekana, ghasia zikazuka, na watu wakaumizana. Watu walitaka kutazama furaha, wakarudi na majeraha.

Huko Kariakoo ushindi haukukaa kwa mmoja siku zote. Mwaka wa 1968 Yanga iliwafunga wenzao mabao 5 kwa 0. Mashabiki wa Sunderland walivumilia kicheko hicho miaka mingi. Ikafika tarehe 19 Julai 1977, Simba ikalipa deni pamoja na faida: mabao 6 kwa 0, na matatu kati ya hayo alifunga Abdallah Kibaden. Mwaka wa 2012 Simba ilishinda tena kwa mabao 5 kwa 0. Mwaka wa 2023 Yanga nayo ikashinda kwa mabao 5 kwa 1. Mpanda ngazi hushuka. Anayecheka leo na akumbuke kesho.

Tena uko mchezo mmoja unaofaa kukumbukwa na kila mwenye haraka ya kujisifu. Tarehe 20 Oktoba 2013 timu hizi zilikutana katika Uwanja wa Taifa. Wakati wa mapumziko Yanga ilikuwa imekwisha kufunga mabao 3, na Simba haikuwa na hata moja. Mashabiki wa Yanga waliimba na kucheza. Lakini kipindi cha pili Simba ilirudi na moyo mpya, ikafunga bao la kwanza, na la pili, na la tatu. Mchezo ukaisha 3 kwa 3. Waliokuwa wakiimba walinyamaza, na waliokuwa wakilia wakaimba. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto.

Watu huziita timu hizi watani wa jadi, na neno hilo limechaguliwa vema. Utani ni desturi ya zamani katika makabila mengi ya Tanzania. Mtani ana ruhusa ya kumcheka mwenzake, hata kumwambia maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ataleta ugomvi. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo huja kusaidia kazi na kuwachekesha waliofiwa. Basi mtani si adui. Adui hutaka mwenzake aangamie. Mtani hutaka mwenzake awepo, ili kesho amcheke tena.

Faida ya utani huu yaonekana. Kila timu ikiona mwenzake ameongeza nguvu, nayo hujitahidi. Simba ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la CAF mwaka wa 1993. Yanga ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka wa 2023, na Simba ikafika hapo mwaka wa 2025. Hakuna iliyopata kombe, lakini kila moja ilimwonyesha mwenzake njia. Jiwe la kunolea humsumbua kisu, lakini bila jiwe kisu ni butu.

Hasara nayo ipo, pale shabiki anaposahau maana ya utani, akampiga jirani yake au akakataa kula na ndugu yake. Huyo hakupenda mpira, amependa ugomvi. Wachezaji wenyewe hupeana mikono mchezo ukiisha. Vivyo hivyo, wale ndugu wawili wa Mabawe, redio ikizimwa, hurudi nyumbani kwa njia moja, mmoja akicheka na mwingine akinuna, nao hula tena katika chungu kile kile.

Maswali
1. Kwa nini timu hizi mbili huitwa watoto wa nyumba moja?
2. Ni jambo gani lililotokea Newcastle mwaka wa 1901?
3. Eleza tofauti ya mtani na adui.
4. Mchezo wa mwaka wa 2013 wafundisha nini?