Kosa la Ramani Kongwe

Wapenzi wa ramani kongwe za nchi za mbali huijua ile ya wamishonari Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856. Humo, maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa ni bahari moja. Wengi huicheka.

Sisi wa Maseno, majirani wa Nam Lolwe, tusiharakie kucheka. Wamishonari hao hawakuwa wameyaona maziwa hayo. Walisikiliza wasafiri wa misafara ya pwani. Kila msafiri alieleza maji aliyoyajua. Waliokosea ni waliounganisha. Hata hivyo, ramani hubeba majina ya waliosikiliza, si ya waliosimulia.

Mwalimu, tundika nakala yake darasani, kisha watume wanafunzi wakaandike majina ya asili ya vilima na mito, pamoja na majina ya wazee watakaowasimulia.