Madoa ya Urujuani wa Usambara

Msomaji wa Arusha ana urujuani wa Usambara kwenye kopo barazani. Kila akiumwagilia asubuhi, siku chache baadaye majani hutoka madoa ya manjano, mengine kama pete. Jirani kamwambia kwamba tone la maji hukusanya jua na kuunguza jani. Anauliza, ni kweli?

Hapana, hata kivulini madoa hutokea. Asili ya mmea huu ni misitu ya milima yetu, Tanzania na Kenya. Wajerumani waliupata mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wao wa Tanga, alipompelekea baba yake. Hayo yamesimuliwa sana. Tuingie ndani ya jani.

Pitisha kidole juu ya doa. Vinywele bado vimesimama, ngozi haijatoboka. Kilichoharibika kiko chini yake, kwenye safu ya seli ndefu zilizosimama wima. Kila seli ina mfuko wa utomvu mchachu. Wataalamu huuita vakuoli. Mimi nitasema mfuko tu, maana ndivyo ulivyo. Fikiria chumba ambacho karibu chote kimejaa mfuko wa maji ya ukwaju, na vyombo vya nyumbani, zikiwamo chembe za kijani zinazopikia jua, vimebanwa ukutani. Jani likipoa ghafla, mfuko unapasuka. Ukwaju unafurika hadi jikoni, majiko yanazimika, rangi ya kijani inachujuka. Kuta za chumba zinabaki wima, ndiyo maana kwa nje huoni jeraha.

Neno zito hapo ni ghafla. Jani likipozwa polepole, mfuko hustahimili. Msituni mmea huishi kwenye miamba yenye kivuli, na mvua huufikia ikiwa imechuruzika kwenye miti, haipishani sana joto na jani. Barazani, jani limeshapata joto, nawe unalimiminia maji ya bomba ya Julai! Tofauti ya nyuzi 8 hivi inatosha kuleta balaa.

Kwa hiyo teka maji jioni, yalale chumba kimoja na mmea. Afadhali zaidi, yatie kwenye kisahani, kopo linywe kwa chini nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Majani yenye madoa hayaponi. Yakate yale mabaya sana. Ukitaka miche, chukua jani zima na kikonyo chake, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Usiende kung'oa mwingine msituni Amani, kule Usambara.