Deni Liandikwe: Simu, Daftari na Akina Mama wa Mpaka wa Taveta

Jumamosi moja ya masika, jua likiwa bado halijapanda, nilimkuta mama mmoja katika soko la Taveta ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, anaanika daftari. Mvua ya usiku ilikuwa imepenya kwenye kibanda chake, na wino ulikuwa umetapakaa kurasa nzima. Alikuwa akizitenga kurasa moja moja kwa ncha ya kisu cha kukatia ndizi. Nilimtolea salamu, akaitika, kisha akasema bila ya kuinua macho: "Sheikh, humu walikuwamo wote ninaowadai na wote wanaonidai. Ninaowadai nitawasamehe. Lakini hao wanaonidai, nikifa leo, nani atawalipa?"

Miongoni mwa waliomdai alikuwa mama mwenzake wa ng'ambo, upande wa Holili, Tanzania, aliyekuwa akimletea vitunguu kwa mali kauli kwa miaka tisa. Hawakuwahi kugombana. Juma lile waligombana. Mizigo waliikumbuka wote wawili, kwa idadi na kwa siku zake. Walichohitilafiana ni sarafu. Huyu alihesabu deni kwa shilingi ya Kenya kwa kiwango cha siku aliyopokea mzigo. Yule alilihesabu kwa shilingi ya Tanzania kwa kiwango cha siku ya kulipwa. Kiwango kilikuwa kimebadilika kati ya siku hizo mbili, na kila mmoja alimwona mwenziwe amegeuka. Kila mmoja alisema kweli kama alivyoielewa, na urafiki wa miaka tisa ukawa unaning'inia kwenye uzi.

Ndugu wasomaji, nakusimulieni habari hii kwa sababu ndiyo iliyotuongoza katika kazi ndogo tuliyoianza mwaka juzi baada ya Ramadhani, kati ya Voi, Taveta na Holili: kuwasaidia akina mama wenye biashara ndogo za mashambani watumie simu zao katika biashara. Tulikuwa watu wanne: mwalimu mmoja mstaafu, binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesomea kompyuta, mama mmoja mfanyabiashara wa upande wa Moshi, na mimi, ambaye elimu yangu ni ya chuoni na msikitini, na simu nimeijua ukubwani.

Njia ya zamani

Biashara ya Taveta haikuanza na simu. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika hapo na kununua chakula kabla ya kuendelea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapiga mstari juu ya ramani, na jamaa wa ukoo mmoja wakaamka wakiwa raia wa nchi mbili. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Wajerumani waliiteka Taveta, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Mambo ya wakubwa yalipita. Ndizi, nyanya na vitunguu viliendelea kuvuka, vichwani na mabegani.

Leo lami ya kutoka Mwatate hadi Taveta imeifupisha safari, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, kimefanya msafiri asimame mahali pamoja badala ya pawili. Fedha nazo zimepata njia yake. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu mwaka 2015 mtu wa Taveta ameweza kumtumia mwenziwe wa Moshi fedha kwa simu moja kwa moja. Lakini kusafiri kwa fedha ni jambo moja, na kuelewana kwamba fedha hizo ni za nini ni jambo jingine.

Kosa letu la kwanza

Sitaki kuficha makosa yetu. Sisi wanne tulidhani kwamba biashara kuingia mtandaoni maana yake ni duka la intaneti. Tukachanga, tukampa kijana mmoja atutengenezee ukurasa wenye picha za vikapu, ndizi na asali. Tukawaita akina mama ishirini na watatu katika chumba cha madrasa mjini Voi, tukawaonyesha ukurasa huo ukutani. Waliusifu kwa adabu. Mara ya pili wakaja tisa. Mara ya tatu wakaja wanne, na mmoja wao alikuja kumfuata mtoto wake aliyekuwa akisoma Juzuu Amma.

Tulikuwa tumewaita siku ya Jumatano, ambayo ni siku ya soko Taveta. Tulikuwa tumewafundisha kwa simu kubwa za kioo, ilhali zaidi ya nusu yao walikuwa na simu za kubofya, zile ziitwazo kabambe. Na maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa ule yalikuwa ya Kiingereza. Yote hayo tuliyajua, hatukuyatia maanani.

Aliyetufungua macho ni yule mama wa daftari. Nilipompa habari za ukurasa wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sheikh, mwatufundisha kuuza kwa watu tusiowajua, na hatujaweza kudaiana vizuri na watu tunaowajua."

Nilirudi Voi usiku ule ndani ya matatu nikiwa na aibu. Mimi ndiye ninayewasomesha watu tafsiri, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii Sala wala Hija. Yazungumzia deni. Yaamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aimlishe, na mashahidi wawepo. Nimeifasiri aya hiyo mara nyingi kwenye mimbari. Sikuwahi kuipeleka sokoni.

Daftari kwanza, simu baadaye

Tukaanza upya, safari hii kwa kwenda wao waliko, Taveta na Holili, siku zisizo za soko, baada ya alasiri. Somo la kwanza halikuwa na simu kabisa. Lilikuwa daftari la safu tano: tarehe, bidhaa na kiasi chake, bei, sarafu, na siku ya kulipa. Safu ya sarafu ndiyo waliyoiuliza sana, na hapo fiqhi ikafaa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu badala yake, au kinyume chake, naye akajibiwa kuwa hapana ubaya ikiwa ni kwa bei ya siku ile ya kulipana na wasiachane huku kimebaki kitu baina yao. Kwa hiyo tukawaambia: andikeni deni kwa sarafu mliyokubaliana siku ya kuuziana. Mkitaka kulipana kwa sarafu nyingine, tazameni kiwango cha siku ya malipo, mmalizane hapo hapo.

Somo la pili lilikuwa ujumbe mfupi, ambao hata kabambe yaweza kuutuma. Mzigo ukipokewa, aliyeupokea amwandikie mwenziwe: magunia mangapi, bei gani, sarafu gani, nitalipa lini. Mwenziwe ajibu kwamba ameafiki. Maandishi hayo sasa yako katika simu mbili, katika nchi mbili, na mvua ya Taveta haiyafikii. Wasiojua kusoma wanaandikiwa na watoto wao mbele ya mtu wa pili, nao wanasomewa kabla hayajatumwa.

Somo la tatu lilikuwa laini mbili: moja ya nyumba, moja ya biashara. Mama anayepokea mauzo na ada ya shule katika laini moja hawezi kujua kama biashara yake inapata au inakula mtaji. Hapo ndipo wenye simu kubwa walipoanzisha kundi lao la WhatsApp, ambamo bei za Taveta na za Holili hutajwa kabla ya alfajiri, na mtu hapandi gari kufuata nyanya ambazo zimeshauzwa. Kundi hilo hatukuliagiza sisi. Walilianzisha wenyewe, nasi tukaarifiwa baadaye.

Na kuna somo ambalo tulilichelewesha, likatugharimu. Mama mmoja wa Voi alitoa gunia zima la vitunguu kwa mnunuzi aliyemwonyesha ujumbe wa kughushi kwamba fedha zimeingia. Sasa twaanza na hilo: usitazame ujumbe, tazama salio. Na namba yako ya siri usimpe yeyote, hata akijitambulisha kwamba apiga simu kutoka ofisini.

Haki iliyo mpakani

Wengi wao walikuwa wakivuka kwa njia za panya, wakiamini kwamba lango la mpaka ni la wenye malori. Sivyo. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na kuwamo katika orodha iliyokubaliwa, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa afya ya mimea na masharti mengine hubaki. Mama anayepita langoni na karatasi yake hana haja ya kumwogopa mtu vichakani, wala ya kumpa mtu kitu asichostahiki.

Jambo jingine ni mikopo ya simu. Ni rahisi kuipata, hata usiku wa manane, na humjia mtu akiwa amebanwa. Lakini mkopo wenye nyongeza iliyoshurutishwa ni riba, uwe umetoka kwa mtu au kwa kioo cha simu. Sikutaka kusema haramu kisha niondoke. Tulikaa nao, wakafufua mchezo wao wa zamani wa kuchangiana, ambao hawa huuita chama na wale wa ng'ambo huuita upatu, kila mchango ukiandikwa na kila anayepokea akijulikana zamu yake. Mtaji wake ni mdogo. Lakini hauzai usiku watu wakiwa wamelala.

Mali ya nani?

Wako waume waliotuuliza kwa nini twawafundisha wake zao kuwa na laini ya siri. Niliwajibu baada ya Sala ya Isha kwamba laini ya biashara haifichi kitu, yaweka mambo wazi. Suratun Nisaa, katika aya ya 32, yawapa wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na mtaji wake na misafara yake. Baadhi yao waliridhika. Wengine walinyamaza tu.

Mwaka huu mmoja wa wanafunzi wetu alifiwa na mumewe. Alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, na kwa muda wote huo biashara yake ya nguo haikusimama: bintiye alikaa dukani, naye akiagiza na kulipa kwa simu akiwa nyumbani. Kisha ukaja wakati wa kugawa mirathi, na ndugu wa marehemu wakaitaja shehena ya dukani kuwa ni mali ya ndugu yao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakimwona marehemu akibeba marobota, wakadhani ni yake.

Niliitwa niwasaidie. Mjane akatoa daftari lake na simu yake ya biashara. Kwa miezi kumi na tisa kila robota lilikuwa limeandikwa: limenunuliwa lini, kwa fedha za nani, na ujumbe wa muuzaji wa Moshi ukithibitisha. Shemeji zake walisoma, wakasema hii ni yake. Lakini kabla ya miezi hiyo kumi na tisa alikuwa amefanya biashara miaka sita bila ya kuandika neno, na ya miaka hiyo hakukuwa na ushahidi ila kauli yake. Wakasuluhishana, naye akaacha sehemu ya alichokijua kuwa ni chake. Aliacha kwa hiari na kwa heri, lakini aliacha. Laiti tungefika mapema, badala ya kupoteza miezi na ukurasa wetu wa picha.

Na wale marafiki wawili wa vitunguu? Walikutana Holili, kila mmoja na shahidi wake, wakaigawa nusu kwa nusu ile tofauti ya kiwango iliyowafarakanisha, wakala chakula pamoja. Sasa huandikiana.

Juma lililopita nilipita tena sokoni Taveta. Mama wa daftari ana daftari jipya, amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na simu yake kabambe imening'inia shingoni. Nilimuuliza hali ya biashara, akanijibu alhamdulillahi. Kisha akafungua ukurasa, akateremsha kidole, akasema: "Sheikh, mwezi uliopita ulichukua mkungu wa ndizi, ukasema hukuwa na chenji. Je, wewe uliandika?"

Sikuwa nimeandika. Nilitoa simu nikamlipa pale pale, yeye akatazama salio kwanza, kisha akanipigia mstari.

Wabillahi tawfiq.