Pipa la Stima: Breka Hailindi Mtu

Ndugu zetu wa vikundi, safari hii tunazungumza na wale wanaochemsha vitu kwa wingi: akina mama wa juisi na jemu msimu wa ngowe na boribo, na wale wanaopasha asali moto kidogo ipate kuchujika. Wenye viwanda vidogo vya pombe pia hesabu yao ni hii hii. Msitu wa Arabuko-Sokoke unalindwa, mikoko ya Mida vilevile, kwa hiyo kuni za kukokea pipa kila siku si jambo rahisi hapa Dabaso. Wengi wanafikiria stima. Wazo ni zuri, lakini maji, chuma na stima vikikaa pamoja vyataka adabu.

Kwanza hesabu. Stima ya nyumbani kwetu Kenya ni volti 240. Tazama wati zilizoandikwa kwenye hita, gawanya kwa 240, utapata ampea. Hita ya wati 3,000 inakula ampea 12.5. Plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni 13, basi hapo mmefika ukingoni. Lita 50 za maji kwa hita hiyo zitachukua kama saa moja na nusu kukaribia kuchemka, na ndiyo sababu watu hutamani hita ya wati 6,000. Hiyo ni ampea 25. Haifai plagi, wala ekstensheni iliyoviringishwa kama nyoka pembeni. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba, na breka yake ya ampea 32. (Mkipata maelezo ya wapika bia wa Marekani, angalieni: plagi zao za kawaida ni za volti 120, ampea zao si zenu.)

Sasa, breka yenyewe kazi yake nini? Inalinda waya. Stima ikipita kuliko waya unavyoweza kubeba, breka inaruka kabla waya haujaungua. Basi tu. Breka ikiruka kila mara, wako mafundi ambao dawa yao ni kuweka kubwa zaidi. Waya mwembamba wa milimita 2.5 ukiwekewa breka ya 32, waya ndio utakaoungua kwanza, na kama juu ni makuti, mwajua wenyewe. Kutia msumari mahali pa fyuzi ni yale yale.

Lakini la kuogopesha zaidi ni hili. Tuseme hita imepasuka ndani ya pipa, na stima imeingia kwenye chuma. Mama amesimama peku kwenye sakafu iliyorowa, anashika pipa akoroge. Stima ya kumuua mtu haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Breka ya 32 haitajua kama kuna kitu. Itakaa kimya.

Mtasema: si kuna arthi? Ndiyo, na pipa lazima lifungwe waya wa arthi, ule wa kijani na manjano. Ila ardhi yetu ya mchanga na matumbawe, ikikauka, haipitishi stima vizuri. Kama ukinzani wa fito ya arthi ni omu 25, stima itakayopita hapo ni ampea 9.6 tu. Breka ya 32 bado haitaruka, na pipa litabaki na stima.

Kwa hiyo kuna kifaa cha tatu, mafundi hukiita RCD. Chenyewe hulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Ikipungua kwa milliampea 30, yaani imetoroka mahali pengine, pengine kwa mwili wa mtu, kinakata mara moja. Lazima kiandikwe 30mA. Kuna vya 100 na 300 ambavyo ni vya kuzuia moto, havimtoshi mtu. Kikundi kikiwa na pesa kidogo, heri kianze na hita ndogo yenye RCD kuliko kubwa isiyo nayo.

Chumvi ya bahari nayo ni adui. Skrubu za boksi hushika kutu ya kijani, hulegea, hupata joto. Ukisikia harufu ya plastiki au plagi ikiwa moto mkononi, zima. Na hita isiwashwe kabla maji hayajaifunika.

Mkimwita fundi, mwombeni leseni yake ya EPRA, na apime arthi kwa mashine, si kwa macho. RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kabla hamjamlipa, akibonyeze mbele yenu huku stima imewashwa. Isipokata, kazi haijaisha. Baadaye mkibonyeze wenyewe kila mwezi, siku ya mkutano wa kikundi.