Biskuti ya mbwa kama zawadi ya Bonane: namna ya kuitengeneza bila kumuua mbwa ya jirani

Kila mwisho wa mwaka, hapa Butembo na kule Beni, majirani wanapelekeana vitu: sahani ya wali, kuku, chupa ya kasiksi. Lakini kuna mmoja anayekesha kwa ajili ya aveni nzima na hakuna anayemkumbuka. Ni mbwa. Mtu akizunguka usiku nyuma ya parseli, mbwa ya jirani ndiyo inatuamsha sisi wote. Na tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, mwezi wa 10 mwaka wa 2014, watu wengi wamejifunza kusikiliza vizuri sauti hiyo.

Kwa hiyo, mtu akitaka kumshukuru jirani, anaweza kutengeneza biskuti kidogo ya mbwa yake. Wengine watauliza: "Watu wanakosa bugali, na ninyi munatuletea biskuti ya mbwa?" Swali ni la haki. Jibu letu ni hili: biskuti hii inatoka mu vitu vilivyo jikoni tayari, na haipite chakula cha watoto. Tena, kujua kitu gani mbwa anaweza kula na kitu gani kinamuua kunamsaidia kila mtu mwenye kufuga, hata kama hatatengeneza biskuti hata siku moja.

Vitu vya kukataa kwanza

Beni ni inchi ya kakao. Wakati wa mavuno, mbegu zinaanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba, na mbwa inapita hapo. Mu kakao kuna kitu kinachoitwa teobromini. Mwili wa mtu unaiondoa haraka, lakini wa mbwa unachelewa sana, basi inabaki mu damu na kusukuma moyo kwa nguvu. Kwa mbwa ya kilo 10, gramu 7 ao 8 tu za unga wa kakao zinaweza kuleta matapishi na kuhangaika. Gramu 20 hivi zinaweza kumtia kifafa. Chokoleti ni hatari vilevile, na kahawa pia ina kitu cha jamaa hiyo. Anika kakao yako mahali mbwa haifike, na usitie unga wake mu biskuti.

Kitunguu nacho kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kukipika hakuondoi sumu. Ubaya wake hauonekane siku ileile: mbwa inaanza kulegea baada ya siku kadhaa, na mwenyewe anasema amerogwa. Kwa hiyo mchuzi wa mabaki wenye vitunguu vingi si chakula cha mbwa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo. Makayabo ina chumvi ya kupita kiasi. Unga mubichi wenye levure unafura tumboni na kutoa pombe.

Hatari kubwa zaidi ni mahindi ao karanga zenye ukungu. Watu wengi wanasema: "Hii imeharibika, tupatie mbwa." Ukungu huo unaweza kutoa sumu ya aflatoksini inayoua ini. Mu Kenya, mwaka wa 2004, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125. Marekani, mwisho wa mwaka wa 2020, makumi ya mbwa walikufa juu ya chakula cha dukani kilichokuwa na sumu ileile. Kama hauwezi kukila wewe, usimpe mbwa.

Namna ya kutengeneza

Tafuta kikombe kimoja cha unga wa mahindi safi, kikombe kimoja cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, yai moja, na nusu kikombe cha fretini kavu. Fretini, uilowanishe kwanza na kumwanga maji ili chumvi itoke, kisha uitwange. Usitie chumvi, sukari, mafuta, wala kitunguu.

Nawa mikono kwa sabuni, kama tulivyozoea wakati wa Ebola. Changanya vyote, ongeza maji kidogo kidogo mpaka unga ushikamane. Usukume, uwe na unene wa kidole kidogo, kisha ukate vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba.

Kama hauna furu, twaa sufuria kubwa, utie muchanga safi chini, uweke juu yake sahani ya chuma yenye biskuti. Funika, weka makala machache juu ya kifuniko, na moto kidogo chini mu mbabula. Baada ya dakika 20 geuza. Baada ya dakika 40 hivi zitakuwa ngumu. Ziache zipoe kabisa na zikauke kabla ya kuzifunga. Hapa Butembo kwenye baridi zinaweza kudumu wiki moja mu kopo lenye kifuniko. Beni kuna joto na unyevu, afazali zimalizike mu siku tatu ao ine. Ukiona ukungu, tupa.

Mbwa ya kilo 10 inatosheka na vipande vitano ao sita kwa siku. Hii ni kitu cha kuonjesha. Bugali na samaki yake ya kila siku inabaki palepale.

Zawadi inapita mu mikono ya mwenyewe

Hapa tuwe waangalifu. Wezi wanajua kutupa nyama yenye sumu ndani ya parseli kabla ya kuingia. Mbwa mzuri ni ile inayokataa chakula cha mtu asiyemjua. Ukirusha biskuti juu ya ua, hata kwa upendo, unaifundisha mbwa ya jirani kukubali kila kitu kinachoanguka, na siku moja kitaanguka kingine.

Basi piga hodi mchana, salimia, na umpe mwenyewe kopo mkononi. Fuata desturi yetu ya kuonja kwanza: twaa kipande kimoja, ukitafune mbele yake. Hakina chumvi, lakini hakina kitu cha kuumiza mtu. Mumuelezee kilicho ndani, na mumuachie yeye amlishe.

Kama munataka kuongeza zawadi, muchangie pamoja chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa zote za aveni. Ugonjwa huo unaua watu karibu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wanaupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikianza, mtu haponi. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mumukimbize kituo cha afya siku ileile, hata kama mbwa ni ya jirani na munaijua.

Mbwa iliyoshiba haiende kutafuta takataka na kukutana na mbwa zenye ugonjwa. Inabaki nyumbani, na usiku inasikia kabla yetu.