Tangazo la mvua kubwa linamhusu hata muuzaji wa mtandaoni

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee stoo zetu. Na tusidanganyane, wengi wetu stoo ni chumbani na mzigo uko chini ya kitanda.

Nilikuwa nauza mashuka, nimepanga bondeni hapa Dar. Masika moja likatoka tangazo la mvua kubwa, nikalipita tu kwenye simu, nikaendelea kupokea oda. Usiku maji yakaingia. Kilichoniuma zaidi ni mashuka saba ambayo wateja walishalipia, na hela yao nilishaingiza kwenye mzigo mwingine, nao umeloa. Nilirudisha kidogo kidogo miezi mitatu. Dada mmoja alini-block kabla sijamfikia, wala simlaumu.

Siku hizi nafuata rangi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku 5. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ikitoka njano kwa mkoa wangu, mzigo unapanda juu ya meza ndani ya mifuko ya nailoni. Ikifika machungwa, silali nao: unakwenda kwa shangazi mlimani, na ya wateja ndiyo inatangulia. Halafu nawaandikia: "Kuna tahadhari ya mvua, mzigo wako nimeuhamisha, utatoka mvua ikipungua. Ukitaka hela yako niambie leo." Mpaka sasa aliyeomba hela ni mmoja tu.

La pili, jitambulishe serikali ya mtaa kabla ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka ngazi za chini huku kwetu. Muulize mtendaji: matangazo mnapitishia wapi, na tukiambiwa tuhame tunakimbilia wapi? Mwenye fremu barabarani hasara yake kila mtu anaiona. Ya kwako iko chumbani, usiposema hakuna anayejua. Kwa hiyo piga picha mzigo wako sasa, na daftari la stoku lipige picha umtumie ndugu. Mkifurikiwa, nenda mapema ukaandikishwe. Kuandikishwa si kulipwa, usije ukakopa kwa kutegemea fidia, ila tathmini ikifanyika jina lako liwemo.

Maji yakishaingia, achana na mzigo. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikufa kwenye mvua zile za El Niño. Kama swichi kubwa unaifikia bila kukanyaga maji, zima umeme, beba watoto, toka.

Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike ukutani, maana simu ikizima chaji utaazima ya jirani.