Mraba unaojisahihisha

Gazeti likifika Mamboya, kule vilimani Ukaguru, habari zake zimeshazeeka. Ukurasa mmoja tu hauzeeki: ule wa Sudoku. Nimewahi kuuona umefungiwa maandazi, mafuta yamelowesha nusu ya namba, na bado mtu kaikunjua karatasi akaomba kalamu.

Lakini tusidanganyane: Sudoku si hesabu. Mmarekani Howard Garns, msanifu majengo mstaafu, alitoa mchezo huo mwaka 1979. Jina la Kijapani lilikuja baadaye. Ondoa namba 1 hadi 9, weka majina ya mazao tisa, mahindi, maharage, ufuta na mengine, utaucheza vilevile. Hakuna cha kujumlisha wala kuzidisha.

Watu wa pwani walikuwa na mraba wenye hesabu ndani yake tangu zamani. Visanduku tisa, namba 1 hadi 9, na kila upande ukijumlisha, hata kwa mshazari, unapata 15. Waganga wa kitabu waliuandika kwenye hirizi. Sijui mvaaji alipona nini, ila mwandishi alilazimika kujua kwamba 5 hukaa katikati.

Mwaka 2004 Tetsuya Miyamoto, mwalimu wa hisabati wa Yokohama, Japani, aliunganisha mambo hayo mawili. Mchezo wake, KenKen, unakataza namba kujirudia kama Sudoku, kisha unaongeza masharti ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Alitaka wanafunzi wajifunze bila kufundishwa. Kwetu jambo hilo si la anasa: katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja kati ya wanne.

Na mchezo huo hauhitaji kitabu. Chukua kijiti, chora chini mistari mitatu yenye visanduku vitatu vitatu. Tumia 1, 2 na 3 tu. Namba isijirudie kwenye mstari wala kwenye safu ya kushuka. Masharti ni haya: mstari wa juu, visanduku viwili vya kulia vikizidishwa vitoe 6. Kona ya juu kushoto na kisanduku kilicho chini yake vipishane kwa 2. Kona ya chini kulia ni 1.

Tuanze pamoja. Kwa namba hizi, 6 haipatikani ila kwa 2 mara 3, kwa hiyo kona ya juu kushoto imebaki na 1. Chini yake lazima iwe 3, maana ndiyo inayopishana na 1 kwa 2. Safu hiyo inamalizikia 2.

Mtoto akikosea kuzidisha, akaandika 2 kwenye kona ya juu kushoto, hakuna haja ya kalamu nyekundu. Hatua moja mbele atakosa namba ya kuweka chini yake, maana hakuna inayopishana na 2 kwa 2, naye atafuta kwa kiganja na kurudi alikopotea. Katika daftari la kawaida, kosa hilo lingelala mpaka mwalimu asahihishe, na darasa likiwa kubwa, hiyo ni wiki ijayo.

Mwalimu, sehemu iliyobaki wape wanafunzi wako Jumatatu, dakika kumi kabla ya kipindi. Kisanduku cha katikati ni 1. Atakayepata namba nyingine aanze upya.